Tulikuwa Tunakuja Kwako

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima, na lile bega lako lililokuwa likikusumbua kwa kunyanyua mashuka yenye maji kule kazini limepata nafuu. Huku nyumbani mama anajikongoja. Presha imetulia, ameanza tena kukaa kwenye cherehani asubuhi, ingawa siku hizi anashona mkono mmoja wa gauni akausahau wa pili, na mteja anarudi na gauni lake begani kuja kudai mkono. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Kwa mengine, nikisema ni mzima nitakuwa nimefungua barua kwa uongo, na nimekaa kuandika ili niachane na uongo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mtu ambaye shuleni ulikuwa unamwandikia insha. Nimekupigia simu mara tatu mwezi huu. Mara zote tatu, nilipokusikia umepokea, niliuliza kama huko kwenu mvua zimeanza, nikaaga. Ulinitania kwamba nimeajiriwa idara ya hali ya hewa. Nikacheka na wewe, kisha nikakaa nyuma ya karakana mpaka watu wakaanza kuniulizia.

Kilichonisukuma ni jambo aliloniambia mama wiki mbili zilizopita. Alisema mlizungumza, na ukamwambia kwamba humlaumu mtu yeyote, ila baba amekufa bila kugeuza hata shingo upande wako. Mama alinieleza hivyo akikata uzi kwa meno, bila kuniangalia. Alijua kwamba ni kweli. Watu wote wanajua kwamba ni kweli, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia kuwa baba alifia ugenini akiwa njiani kwenda kwa daktari wa mifupa.

Dada, hakukuwa na daktari wa mifupa. Baba alikuwa anakuja kwako.

Nianze pale mambo yalipoanzia. Unakumbuka mama alikuambia kuwa baba aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Walimfanyia upasuaji, akatoka, lakini goti la upande ule likagoma kukunja. Akawa anakaa kwenye kochi mguu umenyooka mbele yake, na kila anayepita sebuleni lazima auruke. Miezi sita alikaa hivyo. Siku moja mama alipokwenda kupeleka nguo kwa mteja, baba aliniita, akaniambia nifunge mlango, akasema anataka nimpeleke kwa dada yangu.

Nilidhani dawa zimempanda kichwani. Miaka kumi na minne jina lako halikutajwa mbele yake. Tangu siku ile ulipoiacha kazi ya ukarani pale kinuni, kazi aliyokutafutia kwa kuwapigia magoti wakubwa zake, ukaondoka bila hata kuwaaga, yeye akabaki kuendesha mashine zao za unga huku anatazama chini. Wewe unayakumbuka maneno yake kuliko mimi, kwamba usikanyage hapa mpaka siku ya kumzika. Nami nilikuwepo mlangoni, nimeshika begi lako.

Nikamwambia jambo hili ni jepesi, nina namba yako, nipige sasa hivi muongee. Akakataa katakata. Akasema maneno aliyokufukuzia alikuambia usoni, watu wanasikia, kwa hiyo hawezi kuyaondoa kwa simu akiwa amejinyoosha kwenye kochi lake. Alitaka asimame mlangoni pako. Na akanipa sharti nisikuambie wewe wala mama. Mama asingeweza kuitunza siri hiyo hata nusu saa. Na wewe, alisema, ukiambiwa kabla utakuwa na haki ya kukataa, na akikataliwa kwa mbali hatapata nguvu ya kujaribu tena. Ndipo tukatunga habari ya daktari.

Ndege hatukuwa na uwezo nayo. Basi lisingewezekana, goti lisilokunja lingekaa wapi? Ilibaki gari, na gari hatukuwa nalo. Nikaenda kwa yule dalali wa magari tunayemwita Tabasamu, ambaye nimemfanyia kazi miaka mingi. Akanionyesha moja la zamani, limepakwa rangi nyekundu ya kuiva, bei yake haizidi sana ile ya pikipiki nzuri. Milango ilikuwa inafungwa kwa kubamizwa, redio ilishika idhaa moja tu. Lakini kiti cha mbele kilirudi nyuma mpaka mwisho, na mguu wa baba ulikaa pale kama kitanda chake. Mimi ni fundi umeme, injini si fani yangu, ila nililikagua ninavyojua. Nilibadilisha oili, nikapima betri. Ukiwasha ufunguo, taa zote za dashibodi zilikuwa zinawaka. Injini ikishika zinazimika zote, safi kabisa. Nikamwambia baba hili limechoka sura tu. Yeye akaliita gari “mgonjwa mwenzangu”, akasema safari itakuwa ya wagonjwa wawili na dereva mmoja.

Siku ya kwanza, dada, ilikuwa siku nzuri. Naiandika ili uijue, maana sina nyingine ya kukupa. Baba alivaa koti lake la kustaafia. Kutwa alitazama nje, midomo ikicheza bila sauti, nikafahamu kwamba anapanga atakachokuambia. Nilimuuliza atakuambia nini. Akanijibu: hayo ni ya dada yako, wewe ni dereva, endesha. Baadaye akaniuliza watoto wako wanamwitaje wanapomzungumzia. Nikasema wanamwita babu, ingawa sikujua. Akauliza yule mkubwa amerefuka kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mkono, juu ya usukani, kipimo cha kubuni. Akautazama ule mkono kwa muda mrefu.

Mpakani, ofisa alilizunguka gari letu mara mbili akiwa na karatasi zetu, kisha akauliza kama tunalipeleka nje ya nchi kulizika. Baba akamjibu kutoka kitini kwamba anakwenda kumwonyesha binti yake, ili aone mdogo wake anavyotumia akili. Ofisa akacheka, akagonga muhuri. Neno binti alilitamka kama mtu ambaye amekuwa akilitumia kila siku.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya mpaka, na asubuhi tukaendelea. Ilikuwa imebaki safari ya kutwa moja. Tungefika kwako jioni, wakati ule unapotoka kazini.

Baba ndiye aliyeanza kusikia. Mtu aliyekaa na mashine za kinu miaka thelathini husikia kitu kabla hakijaharibika, wewe unamjua. Saa tatu hivi aliniambia injini inagonga kwa chini, nisimame tuangalie. Nikamwambia taa haijawaka. Ile taa ya oili, dada, ni taa ndogo nyekundu, na kazi yake ni moja tu: oili ikishindwa kupanda kwenye injini, inawaka, na dereva mwenye akili anasimama hapo hapo. Haikuwaka. Tukaendelea. Kwenye kituo cha mafuta akarudia, nikafungua boneti nikachungulia, nikafunga, nikamwambia tena kwamba taa haijawaka. Akasema hazungumzii taa, anazungumzia sauti. Mara ya tatu tulikuwa tunapanda mlima, na hapo nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba mambo ya kinu ni ya kinu, na haya ya gari aniachie mimi. Akakunja mikono kifuani.

Hatukumaliza mlima. Injini iligonga kwa nguvu, ikatoa kishindo kimoja, ikakwama. Injini ilikuwa imenoki, imejishika ndani kwa ndani. Hata kwa kusukuma isingezunguka. Jua lilikuwa kali, na hakukuwa na kivuli ila cha gari lenyewe. Tulikaa pale kwa muda wa saa nne, baba na mguu wake umenyooka, mpaka dereva wa lori akatuonea huruma akatufunga kamba.

Alituacha kwenye mji mdogo, kama saa sita za mwendo kutoka kwako. Tukapata chumba chenye dirisha moja, na dirisha lilitazama uwanja wa gereji, kwa hiyo baba akiwa kitandani aliliona gari lake. Jioni ile nilipomvua soksi niliona mguu umevimba hadi juu ya goti, ngozi imekaza. Nikamwambia ni uchovu wa safari. Akasema pengine.

Siku iliyofuata fundi wa pale, mzee mmoja mkavu wa maneno, aliishusha injini. Beringi zilikuwa zimeungua, hakuna tone la oili lililokuwa limefika juu kwa muda mrefu. Akaniuliza taa haikuwaka? Nikasema haikuwaka. Akaniambia basi fungua dashibodi tuone, si umesema wewe ni fundi umeme.

Nikafungua. Hapa lazima nikueleze kazi yangu, dada, kazi ambayo sikuwahi kukueleza. Madalali wakipata gari ambalo taa yake ya oili haitaki kuzimika, hawatengenezi injini, maana injini ni gharama. Wanakuja kwa fundi umeme. Mafundi wengi hukata waya, basi. Lakini mnunuzi mjanja akiwasha ufunguo ataona taa moja haiwaki kabisa, atashtuka. Mimi nilibuni njia yangu. Nauunganisha waya wa taa ya oili na ule wa taa ya betri, ili ziwake pamoja na kuzimika pamoja. Hata fundi mwenzangu hawezi kugundua akiwa amekaa kwenye usukani. Pale mtaani hakuna mwingine anayefanya hivyo. Na kwa kuwa joto huyeyusha gundi ya tepu, huwa namalizia kwa kufunga uzi, uzi wa bluu wa cherehani, ninaouchukua kwenye kopo la mama.

Uzi ulikuwepo, dada. Wa bluu, umefungwa mafundo mawili, ncha zimekatwa sawa, kama ninavyokata mimi.

Gari lile lilipopita mikononi mwangu mara ya kwanza lilikuwa jeupe. Nilikumbuka pale pale, nikiwa nimepiga magoti na kichwa chini ya usukani. Miaka mitatu nyuma, gari jeupe, Tabasamu amesimama pembeni akiniambia nisiwe na wasiwasi, mtu anayenunua gari la bei hii haendi nalo mbali. Na mimi nikakubali. Nilimwona kichwani mtu wa kwenda sokoni na kurudi. Huyo mtu alikuwa na sura isiyonihusu, sikuwahi kufikiri kwamba atakuwa na mguu usiokunja na koti la kustaafia.

Fundi yule aliinama akatazama. Akasema aliyefanya hivi anaujua umeme. Nikajibu ndiyo, anaujua. Nilikata ule uzi nikautia mfukoni, na nilipotoka nje nikamwona baba dirishani, amenitazama, akaninyooshea mkono kuuliza vipi. Nikamwinulia dole gumba.

Alikufa asubuhi ya siku yetu ya nne katika mji ule. Nilikuwa nimetoka kumchukulia chai, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anatafuta pumzi na haipati. Tulimbeba mimi na fundi kwenda zahanati iliyo jirani. Daktari alikuwa mwanamke kijana, alifanya haraka, alijitahidi, lakini haikupita nusu saa. Akaniambia damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Kisha akaniuliza huyu mzee alikaa kwenye gari muda gani bila kunyanyuka. Nikaanza kuhesabu saa, nikashindwa kumaliza.

Ulizoea kusema mimi sitoi machozi, na kweli sikutoa. Kabla hajafa nilizunguka mji ule siku mbili nikitafuta gari la kukodi la kumfikisha kwako, kila niliyemwendea anasema halipo au ananitajia bei ya kunifukuza. Alipokuwa maiti, ndugu walichanga kwa simu, gari likapatikana kabla ya adhuhuri. Lilikuwa na nafasi ya kutosha kunyoosha miguu yote miwili. Likatazama upande wa nyumbani, nasi tukarudi.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa uani, na wote walikuwa na habari ya daktari wa mifupa tayari. Mama aliniuliza kama daktari alipata kumwona. Nikasema hatukufika. Nilidhani nitasema ukweli baada ya maziko. Halafu nikasikia umetuma ujumbe kwamba alisema uje siku ya kumzika, na hata hilo hutamfanyia. Shangazi alikasirika, akasema una moyo wa jiwe. Nilikuwa nimeshika sahani ya wageni mkononi. Niliipeleka kwa wageni.

Mpaka hapa nimekuandikia makosa ambayo mtu anaweza kusema hakukusudia. Kuna siku nimeiruka. Ni siku ya tatu katika mji ule, na ni kwa ajili yake nimeharibu karatasi nyingi kabla ya hii.

Siku ya tatu alasiri baba aliniita kitandani. Mguu ulikuwa umebadilika rangi, na alikuwa anazungumza kwa kukatakata. Alisema ameona kwamba mlangoni kwako hatafika. Alisema bora nusu kuliko kukosa. Akaniomba nimpigie dada yangu. Laini yake ilikuwa haishiki kule, mimi peke yangu ndiye niliyenunua laini ya nchi ile, na namba yako ilikuwa kwangu.

Alikuwa ameketi, dada. Alikuwa amejifunga vifungo vya shati mpaka juu, kwa ajili ya simu.

Nikafikiri haraka, na sikumfikiria yeye wala wewe. Niliwaza kwamba ukipokea utauliza mko wapi, na atakuambia tumekwama. Utauliza kwa nini, na shemeji anayajua magari, atakuja na gari lake siku ile ile, atazungumza na fundi, na fundi atamwambia kuhusu dashibodi. Na baba angenitazama huku anajua. Nikamwambia simu imezima, haina chaji, na umeme wa mji umekatika. Nikasema injini nyingine inakuja kesho, kesho jioni atakuwa mlangoni kwako, atakuambia mwenyewe usoni kama alivyotaka.

Umeme haukuwa umekatika. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na chaji ilitosha kuzungumza mpaka jua lizame. Injini haikuwa inakuja kutoka popote.

Baba akasema basi kesho. Akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, nikamsaidia cha shingoni.

Najua swali utakalouliza, kwa sababu nami najiuliza kila nikiamka. Angesema nini? Sijui, dada. Alinikatalia njiani, na mlango pekee ambao maneno yale yangepitia niliufunga mimi. Naweza kukutungia. Nimefikiria kukutungia kitu kizuri, ninamjua baba kiasi cha kutosha kukudanganya hata wewe, na pengine kingekutuliza. Ila nimeshakutungia watu na mambo ya kutosha. Nilichonacho ni hiki tu: alijifunga vifungo, akaomba kuzungumza na wewe.

Mama bado hajui. Jumapili nitamwambia, na nilitaka wewe usikie kwanza. Kazini naenda. Tabasamu aliniletea gari jingine wiki iliyopita, taa haizimiki. Ningemwambia mengi. Nilimwambia mkono unaniuma, akalipeleka kwa mwingine.

Usijilazimishe kujibu. Ukitaka kuja kuliona kaburi, liko upande wa kaka yake mkubwa, mama atakuonyesha, mimi siku hiyo nitaondoka nyumbani ukitaka. Msalimie shemeji. Wasalimie watoto, na uwaambie kwamba babu yao alikuwa amebakiza saa sita kuwafikia, na kwamba anayewaletea salamu hizi ndiye aliyemzuia.

Ni mimi mdogo wako,
Waya